Mstari wa Chumba cha Nne

Saida mwanangu,

Umeshuka ngazi sasa hivi kwenda kutafuta sweta za mtumba, na bado nasikia sauti yako huko chini ukibishana na mama muuza karanga kwamba hata Ujerumani kuna watu wanaotokwa jasho. Nina saa mbili, labda tatu. Nakujua: hutanunua sweta ya kwanza utakayoishika, wala ya kumi. Nimekaa kwenye kiti cha dirishani, mto uko mgongoni kama ulivyouweka, na mkono nimeuegemeza mezani ili maandishi yasomeke.

Sitakuandikia habari za baridi, wala pasipoti, wala watu wa kujihadhari nao. Hayo unayajua kunishinda. Afya yangu nayo tuiache. Wewe na mimi tulimsikia daktari alichosema kuhusu figo hizi, na tumekubaliana, bila kutamka, kwamba kesho tutaagana kama watu watakaoonana baada ya mwaka. Nakushukuru kwa hilo. Umenirahisishia.

Lakini lipo jambo moja ambalo siwezi kuliacha lizikwe na mimi. Linamhusu kaka yako Jabiri, na linakuhusu wewe. Kwa miaka kumi na tatu umeamini kwamba kaka yako alikataa kukujibu barua zako. Hakukataa. Hakuzipata. Kosa ni langu, na nitakueleza lote kutoka mwanzo, maana nikiruka sehemu nitaanza kujipendelea, na kujipendelea nimezoea mno.

Nilipoingia kazini kijana, chumba chetu cha udhibiti kilikuwa na ukuta mzima wa swichi. Umeme ukipungua, tulichagua laini, tukaizima. Swichi moja, na watu wa mitaa mitatu wakakaa gizani. Nimewahi kuzima Magomeni watu wakiwa kwenye matanga. Nimewahi kuzima Kariakoo hii hii mafundi cherehani wakiwa na nguo za Idi mezani, nikarudi nyumbani kwa miguu katikati yao, nikasikia wanavyomtukana mtu asiyejulikana aliyewazimia, na mtu huyo nilikuwa mimi. Hatukuona nyumba. Tuliona namba ya laini tu.

Ndiyo maana mita janja zilipokuja kwa majaribio, nilizipigania kama mtu aliyepewa dini mpya. Kila nusu saa mita inatuma ofisini kiasi cha umeme uliotumika. Hatungehitaji tena kumzima kila mtu kwa sababu ya pasi na majokofu ya wachache. Kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku, wakati jiji zima linawasha kila kitu kwa pamoja, tungemtumia mteja ujumbe wa simu, tafadhali sana, pasi hiyo subiri kidogo, na akitii tungemwongezea uniti. Mzigo ungejigawa wenyewe. Mgao ungekwisha. Nilisema maneno haya katika vikao vingi, nikiwa nimevaa tai. Niliamini kwamba hatimaye tumepata macho.

Jambo la kwanza ambalo macho hayo yaliliona lilikuwa nyumba yangu.

Kwenye transfoma ya mtaa wa nyuma yetu tuliweka mita yake. Umeme unaotoka pale na ule unaofika majumbani lazima ulingane, au ukaribie kulingana. Haukulingana. Tukapita duka kwa duka, mimi na vijana wawili wa ofisini, hadi duka moja la mabegi. Nyuma ya kabati tukakuta waya umepitishwa kando ya mita ili umeme usihesabiwe. Nikashika tochi, nikainama kuuangalia ulivyofungwa. Mizunguko mitatu, kisha ncha imekunjwa kurudi nyuma, kisha mzunguko mmoja wa juu. Unaujua mfungo huo. Niliwafundisha nyinyi wawili hapo sebuleni, kwa waya wa redio mbovu, kila mmoja alipofikisha miaka minane. Sijaona fundi mwingine Dar nzima anayefunga hivyo.

Nikamwuliza mwenye duka, "Nani kakufungia huu?"

Akacheka, akidhani namtania. "Injinia, acha hizo! Si mwanao Jabiri? Mi nilijua we ndo umemtuma."

Wale vijana wawili wakaangalia chini. Mchukuzi mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni na mkokoteni wake akasema, "Mzee anakamata, dogo anaachia. Familia imejipanga!" Watu wakacheka. Nimeshasahau sura ya mwenye duka, lakini kicheko kile nakisikia hata sasa.

Jabiri hakukana. Ulikuwa chumbani, na nadhani ulisikia. Alisimama hapo karibu na mlango, fulana yake imejaa vumbi la ukuta, akasema, "Baba, nimekosa. Waya nitautoa mwenyewe leo leo, na yule jamaa nitamrudishia alichonipa." Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa amekosa kweli, na alikuwa amekiri, na hakuna kingine ambacho mtu anaweza kufanya baada ya kukosa.

Mama yako akasema, "Baba Jabiri, mtoto kakiri. Basi."

Nikamjibu kwa sauti ambayo majirani wa ghorofa nzima waliisikia: "Usiniite Baba Jabiri. Mimi sina mtoto mwizi."

Aliondoka na begi moja. Wiki ya kwanza alipiga simu kwa mama yako. Mimi ndiye niliyeipokea. Nikamwambia asipige tena mpaka awe mtu. Baada ya hapo akabadilisha namba, na mimi nikamwambia mama yako, "Ana aibu, mpe muda. Nimeshajua anakokaa. Nitakuwa namwendea mwenyewe." Unakumbuka nyonga ya mama yako ilivyokuwa, kushuka ghorofa tatu na kupanda tena ilikuwa kazi ya siku nzima. Akakubali. Aliniamini, Saida. Hakuwa na sababu ya kutoniamini.

Na kweli nilijua anakokaa. Jina lake nililikuta kwenye orodha ya mita za Magomeni. Tulikuwa tumechagua nyumba kadhaa za kupangisha, zile za korido katikati na vyumba pande mbili, tukaweka mita kwa kila chumba ili wapangaji waache kugombana nani kamaliza umeme. Jabiri alikuwa chumba cha nne, kwa mama mwenye nyumba aitwaye Bi. Tatu.

Ijumaa ya kwanza mama yako akapakia pilau kwenye ile hotipoti ya kijani. Wewe ukaweka kikaratasi chako juu, ndani ya mfuko mdogo ili kisilowe mafuta. Nakuapia kwamba siku hiyo nilidhamiria kufika. Nilifika. Nilisimama kwenye kona, nikauona mlango wa nyumba uko wazi, na kutoka ndani ya korido nikamsikia Jabiri anacheka. Kulikuwa na wanawake wanapika, wanamtania kitu fulani kuhusu ugali wake, na yeye anacheka kwa ile sauti yake ya kukatikakatika.

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta amenyong'onyea. Nilikuwa hata nimeandaa sentensi ya kumsamehe. Nikageuka na hotipoti yangu.

Pale getini ofisini alikuwapo mlinzi, Mzee Likwata, mtu wa Mtwara, mcheshi. Nikampa. Alipomaliza alinirudishia hotipoti imeoshwa, akasema, "Injinia, mkeo ana mkono. Ukimchoka niambie." Nikacheka. Jioni nikamkabidhi mama yako chombo kitupu.

"Kala?"

"Kala. Kalamba hadi mfuniko."

Alifurahi mno, na furaha yake ikanifungia njia. Ijumaa iliyofuata alipika tena, na wewe ukaandika tena.

Sasa nikueleze nilivyoweza kudanganya miezi tisa bila kujikanyaga. Kila asubuhi, kabla wenzangu hawajafika, nilifungua kompyuta na kuangalia mstari wa chumba cha nne. Saa kumi na moja alfajiri mstari unapanda ghafla na kushuka: jagi la umeme, anachemsha maji ya kuoga na ya chai. Kisha kimya hadi jioni. Saa moja taa na redio. Alhamisi usiku pasi, anapiga kanzu ya Ijumaa. Saa tano mstari unalala. Ramadhani ulipanda saa tisa usiku, nikajua kala daku, nami nikala yangu kwa raha. Nilimjua mwanangu kwa nusu saa nusu saa.

Mama yako aliuliza, "Amekonda?"

"Kidogo tu."

"Analala vizuri?"

"Saa tano kashalala. Kumi na moja kashaamka. Ratiba yake nzuri kuliko ilivyokuwa hapa."

Siku moja nikamwambia, "Juzi kapiga pasi nguo nyingi kweli. Nadhani kuna mchumba." Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Alishangaa jinsi ninavyojua mengi. Na sikuona kwamba nadanganya, hilo ndilo nataka ulielewe. Niliona kwamba namtembelea. Nilikuwa namwona kila siku, kuliko baba wengi wanavyowaona watoto wanaoishi nao. Nilijiambia kwamba siku akija kuniomba radhi hapa, mbele ya wale waliocheka, nitamwambia: hukuwahi kuwa peke yako hata siku moja.

Vikaratasi vyako nilivitoa kila Ijumaa ulipoandika, kabla ya kumpa Likwata chakula. Niliviweka kwenye droo yangu ya ofisini. Sikuvisoma. Niliona kwamba kuvisoma kungekuwa ukosefu wa adabu. Fikiria mtu wa namna hiyo.

Halafu ukafika msimu wa joto, mzigo wa jioni ukapanda kote, na tukaanza kutuma zile jumbe kwa nyumba za majaribio. Mimi ndiye niliyekuwa nikiziandika. "Ndugu mteja, tafadhali sana, kuanzia saa moja jioni punguza matumizi unayoweza kuyaahirisha." Ujumbe wa kwanza ulipotoka, kesho yake nilikimbilia chumba cha nne kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Mstari ulikuwa umeshuka. Redio haikuwashwa hadi saa nne. Siku ya pili hivyo hivyo. Alhamisi pasi ilihamia alfajiri. Nilikaa mbele ya ile kompyuta, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, nikitabasamu peke yangu. Ananisikia, nilisema. Hajui kwamba ni mimi, lakini ananisikia.

Wiki zikaenda. Mstari ukazidi kushuka. Jioni zote zikawa taa tu, kisha hata taa haikuwa kila siku. Pasi ikatoweka kabisa. Jagi la alfajiri likaanza kuchelewa, mara saa moja, mara saa nne asubuhi, mara lisiwepo. Nikaliona hilo. Sitasema sikuliona. Nikajieleza kwamba labda kapata kazi ya zamu, na anaoga huko huko.

Wakati huo tuliitwa kikaoni kueleza matokeo ya majaribio. Nilitafuta mfano mzuri wa kuonyesha ukutani. Unajua nilichagua mstari upi. Sikutaja jina; nilisema "mteja mmoja wa Magomeni." Nikaonyesha kwa fimbo: alipoanza, alipopata ujumbe, alipo sasa. Kijana wetu mmoja, Nestory, akasema, "Injinia, huyu tumpe kombe!" Chumba kikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nikasema, "Huyu amefundishika." Nilisema hivyo, Saida. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta wenye ugonjwa wa mwanangu, umechorwa kwa wino wa buluu, ukubwa wa mlango, nikiwaomba watu wautazame vizuri.

Siku tatu baadaye simu ya kitengo chetu ililia asubuhi, nikaipokea.

"Haloo, hapo ndo kwa watu wa mita?"

"Ndipo, mama."

"Mi mwenye nyumba Magomeni. Namtaka yule mzee anayeandika meseji."

"Ni mimi."

Akauliza, "We ndo baba'ke Jabiri?"

Miezi tisa nilikuwa nimelikataa jina hilo. Nikasema, "Ndimi."

"Basi njoo hospitali, baba. Mtoto tumempeleka leo alfajiri. Kajilaza wiki ya tatu hii, anasema malaria tu, anameza vidonge vya dukani. Tumbo limevimba. Njoo sasa hivi, usingoje gari la ofisi."

Ilikuwa homa ya matumbo, na utumbo ulikuwa umetoboka. Nilipofika, Bi. Tatu alikuwa amekaa kwenye benchi, mwanamke mnene mfupi ambaye sikuwahi kumwona, na kabla hajasimama nilishajua kwamba nimechelewa. Alinipisha nafasi pembeni yake. Tukakaa kama watu wanaosubiri kuitwa.

Akaniambia mambo mawili. La kwanza ni kwamba Jabiri alijua. Ujumbe wa kwanza ulipoingia, aliusoma kwa sauti koridoni, akawaambia wapangaji, "Huyu ni mzee wangu. Hakuna mtu mwingine anayesema tafadhali sana huku amekunja uso." Tangu siku ile, ujumbe ukiingia alipita mlango kwa mlango: "Jamani zimeni pasi, baba kasema." Walimtania. Walimwita Msemaji wa Serikali. Wakazima.

Kwa hiyo mwanzoni ule mstari ulishuka kwa kunitii. Kisha ukaendelea kushuka kwa sababu hakuwa na nguvu ya kusimama kuwasha taa. Nimeuchapisha, ninao hapa, nimeutazama miaka kumi na tatu, na hadi leo siwezi kukuonyesha mahali ambapo utii uliishia na ugonjwa ukaanza. Mstari ni ule ule.

La pili alilosema nitalifikia. Nipe muda kidogo.

Maziko yalikuwa jioni ile ile. Bi. Tatu alikuja na wapangaji wake, akaketi mkekani na wanawake, karibu na mama yako. Sikuwasikia. Lakini nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona midomo ya Bi. Tatu, nikaona mama yako anauliza kitu, nikaona Bi. Tatu anatikisa kichwa polepole, na nikaona macho ya mama yako yanainuka kunitafuta kati ya wanaume. Yalinipata. Hakusema chochote, siku hiyo wala baadaye.

Ila tangu siku ile hakuniita tena Baba Jabiri. Aliniita Baba Saida. Wewe ulifikiri anakwepa jina lenye uchungu, na shangazi zako walifikiri hivyo hivyo, wakamwiga. Mimi nilijua. Nilikuwa nimemkataza kuniita hivyo, na sasa alikuwa amenitii. Ile hotipoti aliiosha, akaipindua juu ya kabati, na hakuna aliyeigusa mpaka alipofariki yeye mwenyewe miaka minne baadaye. Mara nyingi nilitamani anipigie kelele. Usiku nilijiandalia majibu. Hakuniuliza swali lolote.

Na wewe siku ya matanga hukulia. Ulikuwa na miaka kumi na moja, umekaa kwenye ngazi, magoti kidevuni. Nilikaa karibu nawe, ukaniambia, "Sitamlilia. Nimemwandikia mara nyingi hajanijibu hata moja." Hapo, Saida. Hapo ndipo ningeweza kukurudishia kaka yako kwa sentensi moja. Nilikushika bega, nikasema, "Msamehe." Nilikuambia wewe umsamehe yeye.

Nimekuona ukikua na hilo. Nimeona picha yake unavyoipita ukutani. Nimekuona ukiandika ujumbe kwenye simu kisha unaufuta, kwa rafiki, kwa yule kijana wa chuo, kwa sababu kunyamaziwa unakuogopa kuliko kitu chochote. Kila mara nilijua nani amekufundisha hofu hiyo, na kila mara nikajiambia kwamba umeshakuwa mkubwa, na jeraha lilishafunga.

Kuna kitu kingine hakuna anayekijua. Baada ya matanga nilirudi kazini, nikafungua chumba cha nne. Mstari ulikuwepo. Mdogo sana, ulionyooka, usiokatika. Walipombeba alfajiri ile, taa ilibaki inawaka. Nikaenda kwa Bi. Tatu, nikamlipa kodi ya chumba kitupu, nikamwomba asiizime. Kwa wiki kadhaa nilifika ofisini kila asubuhi kuangalia taa ya mwanangu. Mwishowe Bi. Tatu akanipigia. "Mzee wangu, kuna binti na kichanga wanataka chumba. Hii taa unamwashia nani?" Kisha akasema kwa upole, "Naizima, ee?" Nilikuwa naangalia kompyuta wakati anazungumza. Nusu saa baadaye mstari ukashuka, ukalala chini, haukuinuka.

Kesho kutwa, huko Ujerumani, utakaa mbele ya kompyuta kubwa kuliko yangu, na mistari ya nchi nzima. Najivunia kazi hiyo, na bado naiamini. Mgao ule wa swichi moja ulikuwa dhuluma, na bila mita hizi tungerudi kule. Sina la kukufundisha kuhusu mzigo wa jioni. Nitakuambia tu nilichofanya mimi hadi kustaafu, ambacho ofisi haikuniagiza. Mstari wa mtu ukishuka kupita kawaida, nilipiga simu. Wengi walinitukana. Mmoja alinijibu, "Mzee, mi niko Tanga kwenye harusi, umeme wangu unakuhusu nini?" Nilimwomba radhi, nikampongeza bwana harusi. Niliona raha ya ajabu kila nilipotukanwa. Ilikuwa na maana yupo.

Sasa lile la pili. Pale kwenye benchi Bi. Tatu aliniuliza, "Na huyo mdogo wake, Saida, mkubwa kiasi gani? Maana kutwa Saida, Saida. Alikuwa anasema, wengine wote sawa wakininyamazia, lakini Saida naye hata salamu?"

Naye alikuwa anangoja, mwanangu. Alikuwa Magomeni, mwendo wa nusu saa kutoka hapa, akishangaa kwa nini umemsahau, na wewe uko hapa unashangaa kwa nini amekusahau, na barua zako zote ziko kwenye droo yangu chini ya kalenda za zamani.

Ziko kumi na nne. Nilizisoma mwaka huu kwa mara ya kwanza, uliponiambia umepata safari. Moja inasema rimoti imekufa, aje aitengeneze. Moja ina mchoro wa Baba akiwa na pembe. Ya mwisho, ya wiki ile aliyougua zaidi, inasema: "Kaka, kama na hii hujibu basi na mimi sikuandikii tena." Uliposikia amefariki, ulilia kwa sababu ya ile barua, sivyo? Ulilia chooni, bomba limefunguliwa. Nilikusikia. Nikajiambia ni maji tu.

Nilikuwa na mpango mzuri. Ningeiweka barua hii na vikaratasi vyako ndani ya ile hotipoti ya kijani, na hotipoti chini ya nguo kwenye sanduku lako. Ungeikuta ukiwa mbali, na mimi ningekuwa hapa au nisingekuwepo kabisa. Nilikwishaifuta vumbi. Iko mezani mbele yangu wakati naandika.

Lakini nikiitazama naona kwamba ni Ijumaa nyingine ile ile. Ni mimi tena nimesimama kwenye kona, nikiogopa kusikia sauti inayotoka ndani.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo, ungali hapa. Nitakaa kwenye kiti hiki wakati unasoma, na sitatoka chumbani. Ukitaka kupiga kelele, piga. Majirani wamewahi kusikia kelele za dhuluma kutoka kwenye sebule hii, acha wasikie na za haki. Ukitaka kunyamaza kama mama yako, nitanyamaza na wewe. Ukiondoka kesho bila kuniaga, nenda. Sitaki unisamehe kwa haraka kwa sababu ya figo zangu. Sikukuandikia ili unisamehe. Nimekuandikia ili umlilie kaka yako. Uliililia barua yako, yeye hukumlilia, na haikuwa haki yake wala yako.

Jua limeshuka kwenye paa la jirani. Maduka yanaanza kuwasha taa, na pale kwenye nguzo transfoma imeanza kuvuma, kama kila siku saa hizi. Nimesikia mlango wa chini. Unapanda. Umesimama ghorofa ya pili kupumzika, na mifuko inakwaruza ukuta. Kumbe umenunua sweta nyingi kuliko nilivyodhani. Unaniita, "Baba, usiinuke! Nina ufunguo!"

Nimekusikia. Lakini naacha kalamu hapa, nainuka. Mlango huu nitakufungulia mwenyewe.

Baba yake Jabiri,
na baba yako.